Ozzy na Black Sabbath warudi kwao Aston: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tamasha la Villa Park bado linaulizwa kila siku: na wanaopenda roki tangu zamani, na waliomjua Ozzy Osbourne baada ya kufa kwake, na wapiga gitaa wanaotaka kujua sauti ile hutokaje. Hapa tumekusanya maswali yanayojirudia zaidi. Mengine jibu lake ni mstari mmoja, mengine yana marefu yake.

Lilikuwa tamasha gani, na lini?

Liliitwa Back to the Beginning. Lilifanyika Jumamosi, tarehe 5 Julai 2025, katika uwanja wa Villa Park mtaani Aston, jijini Birmingham, Uingereza. Uwanja ni wa klabu ya Aston Villa, na siku hiyo uliingiza zaidi ya watu 40,000. Lilitangazwa mapema Februari, na tiketi zilipofunguliwa ziliisha ndani ya dakika chache. Ozzy aliaga jukwaa siku hiyo, akafariki tarehe 22 Julai, siku 17 baadaye, akiwa na miaka 76.

Kwa nini Aston na si London?

Kwa sababu wote wanne wa Black Sabbath, bendi ya roki nzito iitwayo metali, ni wa hapo. Ozzy (mwimbaji), Tony Iommi (gitaa), Geezer Butler (besi) na Bill Ward (dramu) walikulia Aston, nyumba zao zikiwa mwendo wa miguu kutoka moja hadi nyingine. Ozzy alilelewa Lodge Road, karibu na uwanja kiasi kwamba siku za mechi alikuwa akijipatia senti kwa kulinda magari ya mashabiki. Kwa hiyo mtu aliyewahi kulinda magari nje ya Villa Park ndiye aliyekuja kuujaza ndani.

Aston ya wakati ule ilikuwa ya viwanda. Ozzy alipitia kazi ya kujaribu honi za magari kiwandani, kisha machinjioni. Iommi alikuwa kwenye kiwanda cha mabati. Walioandika habari za bendi hii hupenda kusema muziki wao una mlio wa mashine za Birmingham. Huo ni mfano tu, ila kidole cha Iommi ni habari ya kweli kabisa, tutafika huko.

Je, ndiyo mara ya kwanza kupiga kwao tangu wawe maarufu?

Hapana, na hapa wengi hukosea. Albamu yao ya kwanza ilitoka Ijumaa, tarehe 13 Februari 1970, na tangu hapo wamepiga Birmingham mara nyingi. Mwezi Desemba 1997 waliungana tena wote wanne na kurekodi maonyesho mawili kwenye ukumbi wa NEC. Tarehe 4 Februari 2017 walifunga ziara yao ya mwisho kwenye ukumbi ulioitwa Genting Arena, lakini bila Bill Ward. Agosti 2022 Ozzy na Iommi walijitokeza ghafla kwenye sherehe ya kufunga Michezo ya Jumuiya ya Madola, jijini humo humo.

Upya wa 2025 ulikuwa katika mambo mawili. Kwanza, Ward alirudi nyuma ya dramu, na wanne hao hawakuwa wamepiga pamoja kwa takriban miaka 20. Pili, hawakurudi Birmingham tu, walirudi Aston yenyewe. Mwenye kuujua mji huo atakwambia ukumbi wa NEC uko nje kabisa, karibu na uwanja wa ndege. Si mtaani kwao.

Waliimba nini?

Ozzy aliimba nyimbo tisa. Tano za kwanza ni za kazi yake binafsi, akiwa na bendi yake: I Don't Know, Mr. Crowley, Suicide Solution, Mama, I'm Coming Home na Crazy Train. Nne za mwisho akiwa na Sabbath: War Pigs, N.I.B., Iron Man na Paranoid.

Kabla yao zilipanda bendi nyingine kutwa nzima: Mastodon, Rival Sons, Anthrax, Halestorm, Lamb of God, Alice in Chains, Gojira, Pantera, Tool, Slayer, Guns N' Roses na Metallica. Karibu kila moja ilipiga nyimbo zake pamoja na wimbo wa Sabbath au wa Ozzy. Mpangaji mkuu wa muziki alikuwa mpiga gitaa Tom Morello, na mshereheshaji mwigizaji Jason Momoa.

Ukiulizwa ni lipi lililowashtua watu, wengi watataja mwimbaji Yungblud akiimba Changes, wimbo wa Sabbath. Kijana yule hakutegemewa kubeba wimbo mzito namna ile mbele ya wazee wa metali, akaubeba.

Ozzy alikuwa mgonjwa. Aliwezaje kuimba?

Aliimba ameketi. Aliibuka kutoka chini ya jukwaa akiwa juu ya kiti cheusi cha enzi chenye umbo la popo, na hakusimama kutembea. Alikuwa na ugonjwa wa Parkinson, aliouweka wazi mwanzoni mwa 2020, na baada ya kuanguka mwaka 2019 alifanyiwa upasuaji wa shingo na uti wa mgongo zaidi ya mara moja. Onyesho lake kamili la mwisho kabla ya hapo lilikuwa tarehe 31 Desemba 2018.

Kuimba ukiwa umeketi kuna ugumu wake ambao mtazamaji hauoni. Ukizama kwenye kiti laini, tumbo hukunjika, kiwambo cha kupumulia hukosa nafasi ya kushuka, na pumzi inakatika katikati ya mstari. Anayelazimika kuimba hivyo atafute kiti kigumu kilicho juu kiasi cha nyonga kuwa juu ya magoti kidogo, akae theluthi ya mbele ya kiti, nyayo zote mbili zikiwa chini. Kipaza sauti kiwe usawa wa mdomo. Kikiwa chini, kidevu kitashuka na koo litabanwa. Kifupi cha yote, apunguze nyimbo.

Hilo la mwisho ndilo lililoliokoa tamasha hili. Nyimbo tano, mapumziko, nyimbo nne. Waandaaji hawakumlazimisha mgonjwa kubeba saa mbili. Waliujaza mchana kwa bendi nyingine ili yeye abebe kipande anachokiweza.

Bendi zaidi ya kumi kwa siku moja. Walibadilishanaje bila kuchelewa?

Kwa jukwaa linalozunguka. Bendi moja ikipiga mbele, vyombo vya inayofuata vinapangwa upande wa nyuma, kisha jukwaa linageuzwa.

Tofauti yake na jukwaa la kawaida ni kubwa. Kubadilisha bendi ya roki kwa njia ya kawaida huchukua dakika 20 hadi 40: kuondoa dramu, kuondoa vikuza sauti vya magitaa, kuleta vingine, kuunganisha waya, kujaribu kila kipaza sauti. Zidisha kwa bendi 12 na unapoteza saa nne au zaidi za watu kutazama mafundi wakibeba masanduku. Kwenye jukwaa linalozunguka, kazi ile ile inafanyika, ila nyuma ya pazia.

Kazi ya nyuma huenda kwa mpangilio huu. Dramu hupandishwa kwanza, zikiwa tayari zimefungwa juu ya kijukwaa chenye magurudumu, kwa sababu ndizo zinazokula muda na vipaza sauti vingi. Vikuza sauti vya gitaa na besi hufuata, kwenye alama za utepe zilizobandikwa sakafuni wakati wa majaribio. Halafu umeme, kisha waya za sauti. Mwisho fundi hupita chombo kimoja kimoja akimsikilizisha mwenzake kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti): dramu ya mguu ipo, sneri (dramu ndogo yenye mlio mkali) ipo, besi ipo. Huko si kufanya mazoezi ya sauti. Ni kuhakikisha kila waya umeingia tundu lake.

Linaloharibu mara nyingi ni waya. Jukwaa likizungushwa upande mmoja tu, waya hujiviringa kama kamba ya mbuzi kwenye nguzo mpaka zinachomoka. Dawa ni kuzungusha nusu duara kwenda na nusu duara kurudi, au kupitisha waya zote katikati ya duara. La pili ni uzito: dramu na spika zote zikiwekwa ukingo mmoja, injini hulemewa na jukwaa hugeuka kwa kusitasita.

Bendi yetu ni ndogo na hatuna jukwaa la kuzunguka. Tunaweza kuiga nini?

Mengi, na kwa gharama ndogo. Dramu moja itumiwe na bendi zote. Kila mpiga dramu aje na sneri yake, sahani zake na pedali yake tu. Vikuza sauti viwili vya gitaa na kimoja cha besi vibaki jukwaani siku nzima. Wapiga gitaa watyuni nyuma kabla ya kupanda. Kutyuni mbele ya watu kunakula dakika tatu kila bendi. Weka utepe wa rangi tofauti kwa kila bendi sakafuni. Ukifanya hayo manne, kubadilisha bendi hushuka hadi dakika 10, na kiongozi wa ratiba apewe saa na mamlaka ya kuzima sauti. Bila mamlaka hayo, bendi ya pili itazidisha wimbo mmoja, ya tatu miwili, na bendi kuu itapanda jukwaani wakati polisi wameshafika getini kudai muziki uzimwe.

Watu wa nyuma uwanjani husikiaje sawa na wa mbele?

Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na joto la nyuzi 20. Aliye mita 100 kutoka jukwaani anaisikia dramu baada ya sehemu 3 za 10 za sekunde. Kwenye muziki huo ni muda mrefu. Kwa mwendo wa Paranoid, karibu pigo zima limepita. Ndiyo maana viwanja huwekwa spika za ziada katikati na nyuma, zikicheleweshwa kwa makusudi ili sauti yake itoke wakati ule ule sauti ya jukwaani inapopita hapo. Mafundi huongeza milisekunde 10 hadi 15 juu ya hesabu, na sikio linaamini sauti yote inatoka mbele. Zisipocheleweshwa, mtu wa katikati husikia kila neno mara mbili.

Kidole cha Iommi kilifanyaje?

Akiwa na miaka 17, siku yake ya mwisho kazini kiwandani, mashine ya kukandamiza mabati ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia: cha kati na cha pete. Wengi hudhani huo ndio mkono wa kupigia nyuzi. Sivyo. Iommi ni wa kushoto, kwa hiyo mkono wa kulia ndio unaobana nyuzi shingoni, na ncha za vidole ndizo zote za kazi.

Alijitengenezea vifuniko. Aliyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akaifinyanga, akaitoboa ikae kidoleni, akaisugua hadi ikawa laini, kisha akagandisha kipande cha ngozi ya koti kuukuu ili isiteleze. Nyuzi za kawaida bado zilimuumiza, na enzi hizo hazikuuzwa seti nyepesi, akatumia nyuzi za banjo. Baadaye, kuanzia albamu ya Master of Reality ya 1971, akashusha gitaa toni moja na nusu. Nyuzi zikalegea, vidole vikapumua, na mlio ukawa mzito. Uzito ule wa metali ulianza kama nafuu ya maumivu.

Nataka kupiga nyimbo zile nne za Villa Park. Nishushe gitaa?

Kama unafuata rekodi za 1970, usishushe. War Pigs, N.I.B., Iron Man na Paranoid zilirekodiwa kwa tyuni ya kawaida ya E. Kosa hili ni la kila siku: mtu kasoma kwamba Iommi hushusha, anashusha, kisha anashangaa kwa nini hapatani na rekodi. (Jukwaani miaka ya karibuni walishusha, kwa hiyo video na albamu hazitalingana.) Nyimbo za kushushia ni kama Children of the Grave, iliyopigwa siku ile na Lamb of God, au Into the Void, iliyopigwa na Anthrax.

Ukishusha, kutoka uzi mnene kwenda mwembamba utakuwa na C#, F#, B, E, G#, C#. Legeza uzi hadi upite chini ya noti, ndipo uupandishe mpaka ufike. Ukiishia kwa kulegeza, jino la ufunguo hubaki na nafasi na uzi utashuka wenyewe katikati ya wimbo. Ukimaliza sita rudia tangu mwanzo, maana shingo imeshasogea.

Mvutano wa kila uzi umepungua kwa karibu asilimia 29, na hapo ndipo matatizo huanzia. Shingo, isiyovutwa tena kama mwanzo, hurudi nyuma na nyuzi zinaanza kukwaruza freti (vipande vya chuma vya shingoni) za mwanzo, karibu na kichwa cha gitaa. Legeza chuma cha ndani ya shingo robo mzunguko, acha gitaa saa chache, kagua tena. Usizidishe robo kwa mara moja. Kisha linganisha noti ya freti ya 12 na mlio wa kugusa tu hapo hapo. Noti ya kubana ikiwa juu, sogeza daraja nyuma mbali na shingo. Ikiwa chini, lilete mbele. Gitaa lenye daraja linaloelea kwa springi usilishushe saa moja kabla ya onyesho, kwa sababu springi zitalivuta daraja na tyuni yote itakwenda.

Na bana kidogo. Uzi uliolegea ukikandamizwa kwa nguvu hupanda noti, na hapo unalaumu kifaa cha kutyuni bure.

Hapa Afrika Mashariki lilionekana saa ngapi?

Lilirushwa mtandaoni kwa kulipia pauni 24.99, likicheleweshwa saa mbili makusudi. Uingereza ya kiangazi iko nyuma yetu kwa saa mbili. Matangazo yalipoanza saa 9 alasiri huko, kwetu ilikuwa saa 11 jioni, na Sabbath wakatukuta usiku wa manane. Kucheleweshwa huko ndiko kulikozua ugomvi majumbani: waliokuwa uwanjani walikuwa wanaandika kila wimbo kwenye simu huku waliolipia wakiwa bado kwenye bendi za nyuma.

Ni kweli zilipatikana pauni milioni 140 za hisani?

Hapana. Fedha zilikwenda kwa shirika la Cure Parkinson's, Hospitali ya Watoto ya Birmingham na kituo cha watoto wagonjwa mahututi cha Acorns. Hilo ni kweli. Idadi ya milioni 140 ilisambaa sana, na Sharon Osbourne, mkewe na meneja wake, aliikanusha. Hata bila yeye, hesabu inakataa: gawa milioni 140 kwa watu 40,000 unapata pauni 3,500 kwa kila kichwa, wakati tiketi za chini zilikuwa karibu pauni 200. Zidisha 200 kwa 40,000 ni milioni 8. Hata ukiongeza matangazo ya mtandaoni, bado uko mbali mno.

Kila mwanaroki hupokewa kwao hivi?

La. Mpiga gitaa Jimi Hendrix alirudi kwao Seattle, Marekani, Februari 1968, akiwa ameondoka tangu 1961 alipoingia jeshini. Tarehe 12 alipiga kwenye ukumbi, baba yake akimwona, na ilikuwa heri. Kesho yake asubuhi alipelekwa kwenye shule yake ya zamani, Garfield High, bila gitaa na bila bendi, asimame mbele ya wanafunzi. Akasema maneno machache, akaondoka. Ukimwalika mpiga gitaa nyumbani, mwachie gitaa lake.

Na Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, aliwahi kupiga Zanzibar?

Hakuwahi. Alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina Farrokh Bulsara, akasoma India, na familia ikahamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Umaarufu ulipomjia hakurudi kuimba. Leo kuna makumbusho yake Shangani, yaliyofunguliwa 2019, na watalii hupiga picha mlangoni. Aston ilipata jioni yake. Shangani ina picha ukutani.

Nikifika Birmingham niende wapi?

Anza kituo cha treni cha New Street. Ndani utamkuta fahali wa chuma wa mita 10, aliyetengenezwa kwa Michezo ya Madola ya 2022 na kuitwa Ozzy kwa kura ya watu mwaka uliofuata. Toka upande wa Station Street uone The Crown, baa walikopiga siku zao za mwanzo. Tembea hadi Broad Street, kwenye daraja la mfereji liitwalo Black Sabbath Bridge, lenye benchi la chuma na sura zao wanne tangu 2019. Hapo ndipo msafara wa mazishi ya Ozzy ulisimama tarehe 30 Julai 2025, bendi ya matarumbeta ikipiga nyimbo zake.

Kwa Villa Park, rudi New Street upande treni ya kuelekea Witton. Ni safari fupi, na uwanja uko dakika chache kwa miguu. Siku ya mechi treni hujaa pomoni, chagua siku nyingine. Lodge Road iko karibu, lakini nyumba ile ni mali ya watu. Ipitie barabarani, usigonge mlango.